Shangazi, stika zangu zinachuja rangi na dada anasema nakata makaratasi

Shangazi shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Tabata kwa dada yangu na shemeji. Chuo nimemaliza, kazi bado sijapata ila kuchora nimeanza zamani sana, yaani madaftari yangu yote pembeni yalikuwa michoro tupu. Mwaka jana nikaanza kutengeneza stika na kuuza. Nachora vitu vya hapa hapa mjini, kunguru kabeba kipande cha chapati, konda kaning'inia mlangoni, embe bichi na pilipili na chumvi, pantoni la Kigamboni, bibi kajifunga kanga zake mbili anasubiri mwendokasi. Nyingine nachora kwenye simu, nyingine kwenye karatasi halafu naskani. Naprinti Kariakoo, nakuja kukata nyumbani kwa mkasi na wembe. Watu wanazipenda kweli shangazi, wanabandika kwenye laptopu, kava za simu, chupa za maji, kuna wengine wananipostia hadi naona aibu.

Sasa nimekwama. Kuna mama mmoja wa ofisini Posta alichukua stika 30 za kubandika kwenye chupa, zawadi za wafanyakazi wenzake. Wiki mbili hazijaisha kanitumia picha, wino umesambaa, kunguru kawa kama doa la zambarau na kona zote zimenyanyuka. Nililia. Pale ninapoprinti waliniambia hizi haziingii maji na juu yake tukaweka na lamineshini kabisa, sasa yule mama hajanitukana ila kaniuliza tu "tunafanyaje?" na mpaka leo sijamjibu.

La pili ni bei. Nauza 500 moja. Shiti moja ya A4 natoa stika 12 za sentimita 6, karatasi 1,500, kuprinti 1,000, lamineshini 800, halafu mbili hivi huwa zinaharibika kwenye kukata. Vipakiti na kikadi cha asante vinakula kama 70 kwa kila stika. Kukata shiti moja kunanichukua saa moja na nusu. Mwisho wa mwezi sioni hela, na marafiki bado wananiambia nipunguze eti ni stika tu.

La tatu kuna kaka anataka stika 200 za nembo za Simba na Yanga, anasema atauza uwanjani na ana hela mkononi. Roho inataka roho inakataa.

Na dada. Dada ananipenda lakini kila akinikuta nimejiinamia mezani anasema "bado unakata makaratasi tu?" Shemeji hasemi kitu ila juzi kakuta wembe karibu na mtoto wao wa miaka mitatu na uso wake niliuona. Nifanye nini shangazi, niache nitafute kazi ya maana au?

Mchora stika, Tabata

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa hiyo picha ya kunguru maana kazi ya mkono ikiharibika kwa mteja inauma kuliko hata hela yenyewe. Lakini nikwambie kabla ya yote, barua yako nimeisoma mara nyingi na sijaona popote kwamba watu hawaitaki kazi yako. Wanaitaka. Kinachokusumbua ni karatasi, wino na hesabu, na hivyo vyote vinarekebishika bila wewe kuacha kuchora.

Tuanze na kunguru. Chukua stika moja iliyobaki katika zile za yule mama, shika kona uichane pole pole. Ikichanika na kutoa vile vinyuzi vyeupe vya pamba pamba basi ile ni karatasi, ya kung'aa juu lakini ni karatasi. Stika ya plastiki, ile wanayoita vinaili, haichaniki hivyo, inavutika kwanza. Mimi naamini ulipewa karatasi. Na lamineshini uliyoweka juu haikuweza kukuokoa kwa sababu maji hayakupitia juu, yamepitia ubavuni, pale ulipopita mkasi. Karatasi inakunywa maji kutoka pembeni, inavimba, kona zinanyanyuka, na wino ukishaloana ndiyo unaanza kutembea. Chupa ya maji ya baridi kwa joto la Dar inatoka jasho kutwa nzima, kwahiyo stika yako ilikuwa inaogeshwa kila siku.

Halafu wino. Printa za wino wa maji zinatumia wino wa aina mbili, kuna dai na kuna pigimenti. Dai ni rangi iliyoyeyuka kabisa ndani ya maji yake, inatoa rangi nzuri za kuwaka lakini ikikutana na maji tena inakubali kuondoka nayo, na jua linaila haraka. Pigimenti ni chembe ndogo ndogo za rangi ambazo hazijayeyuka, zinakaa juu na kushika, zinavumilia maji na jua vizuri zaidi. Zile printa za matangi zilizojaa steshenari zetu nyingi zinakuja na wino wa dai, kwahiyo ukienda kuprinti usiulize "haiingii maji?" maana kila mtu atakujibu ndiyo, uliza "huu wino ni dai au pigimenti?" na "hii ni karatasi au vinaili?" Asiyejua tofauti usimwachie oda ya mteja. Na kama siku moja utanunua printa yako, usije ukaambiwa mimina tu wino wa pigimenti kwenye printa iliyotengenezewa dai, vitundu vinaziba na printa inakufia mkononi, soma kwanza mtengenezaji anasema nini.

Kuna na njia ya leza, ambayo haitumii wino wa maji kabisa, inatumia unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa moto ukagandia juu, huo maji hayauhamishi. Ila tahadhari kubwa hapa, ile vinaili ya printa za wino ukiipitisha kwenye leza inaweza kuyeyuka ndani ikaharibu mashine ya watu, lazima iwe imeandikwa ni ya leza.

Na kwa oda kubwa kama hizi za mia na kuendelea, mwanangu achana na A4. Nenda kwa wale wanaoprinti mabango na stika za magari, Kariakoo na mjini wapo wengi, wana mashine za roli, wanaprinti kwenye vinaili ya nje na wengine wana mashine inayokata kufuata mstari wa mchoro wako. Uliza bei ya mita moja ya mraba halafu panga michoro yako ijae mita nzima, usiache mapengo maana hewa nayo unailipia. Mashine ikikukatia ile saa moja na nusu inarudi kwako unachora.

Lamineshini nayo, hakikisha ni ile ya baridi, filamu nyembamba yenye gundi inayobandikwa juu. Siyo ile ya moto ya kulaminetia vyeti na vitambulisho, ile inakuwa ngumu, haikubali kujikunja kwenye chupa, na kona zitanyanyuka tu hata ungefanya nini. Wino ukitoka kwenye printa uache ukauke kwanza, mimi nasema usiku mzima, na kipindi cha masika ongeza maana hewa yetu hii ya pwani imejaa maji na wino unachelewa kukauka, ukiwahi kufunika na filamu unyevu unabaki ndani na utaona viputo na ukungu ukungu. Makaratasi na vinaili uhifadhi yamelala kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na tupia humo vile vipakiti vya chembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinanyonya unyevu.

Kwenye kukata, acha ukingo mweupe wa milimita 2 au 3 kuzunguka mchoro ili wembe usipite juu ya wino, na kila kona izungushe. Kona kali ndiyo inayoanza kubanduka siku zote, ukucha unaishika, mfuko wa begi unaishika. Na kama faili unalipeleka kwa WhatsApp litume kama dokumenti, ukilituma kama picha linabanwa na mistari inatoka na ukungu. Stika yako ya sentimita 6 inataka angalau pikseli 709 kila upande ili itoke safi kwa kiwango cha nukta 300 kwa inchi, basi wewe chora kubwa mara mbili au tatu ya hapo, kupunguza ni rahisi, kukuza ndiyo kunaharibu.

Usiuze tena kitu hujakijaribu. Bandika stika mpya kwenye chupa, isubiri siku moja gundi ishike, halafu itumbukize kwenye beseni la maji ilale humo. Nyingine ibandike dirishani panapopigwa jua, funika nusu yake kwa kipande cha boksi, iache wiki kadhaa. Ukitoa lile boksi utaona kwa macho yako rangi imepauka kiasi gani upande wa jua na upande wa kivuli, na hapo ndiyo utajua umwahidi nini mteja. Kama inafaa laptopu tu andika laptopu tu, mtu hachukii kuambiwa, anachukia kudanganywa.

Sasa bei, na hapa kaa chini mwanangu na kalamu. 1,500 na 1,000 na 800 ni 3,300 kwa shiti. Wewe unagawanya kwa 12 lakini mbili zinaharibika, kwahiyo gawanya kwa 10, ni 330. Weka 70 ya kipakiti na kadi, stika moja imekugharimu 400 kabla hujahesabu hata dakika moja ya mkono wako. Unauza 500. Kwa hiyo shiti nzima inakuachia 1,000, na kuikata peke yake ni saa moja na nusu, na mchoro je, na nauli ya Tabata Kariakoo je, na bando la kupostia je? Ndiyo maana mwisho wa mwezi huioni hela, haijapotea popote, haikuwepo.

Jipe mshahara. Tuseme saa yako ni 2,000 tu, siyo nyingi kwa mtu mwenye mkono kama wako. Saa moja na nusu ya kukata ni 3,000, ukigawa kwa stika 10 ni 300 kila moja. Mchoro mmoja ukikuchukua saa tano ni 10,000, na ukitegemea kuuza 100 za mchoro huo unaongeza 100. Tumefika 800. Hapo weka kidogo cha nauli, wembe mpya na shiti zitakazogoma, bei yako ni 1,000. Na ukihamia vinaili rudia hesabu hii hii upya kwa bei utakazozikuta. Wanaotaka unafuu wape pakiti ya tano kwa 4,500, hapo bado uko salama. Anayesema "ni stika tu" siyo mteja wako, msalimie vizuri na mwache apite, na ndugu na marafiki wape zile mbili za shiti zilizokatika vibaya kidogo, hizo hazina shida.

Duka la vitabu au mgahawa ukiwapelekea wauze, watataka bei ya jumla, na kwa kukata mkono jumla ya 700 unakula hasara, kwahiyo hao subiri mpaka uanze kukatiwa na mashine. Na mali kauli kwa mtu usiyemjua sitaki nisikie, wakikubali waachie chache, andikishaneni idadi, rudi baada ya wiki mbili uhesabu.

Oda ya nembo za Simba na Yanga, hapana. Nimeona umesema roho inakataa, isikilize. Nembo ni mali ya klabu, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, na sheria ya alama za biashara ipo, ukikamatwa na stika 200 yule kaka wala hutamwona. Lakini mimi hilo ndilo naliona dogo. Kubwa ni kwamba mtu yeyote mwenye printa anaweza kuiba ile nembo akaprinti kesho kwa bei chini yako, utashindana naye kwa nini? Kunguru wako hana mwingine. Mwambie huyo kaka hivi, nembo sifanyi, ila naweza kukuchorea watu wa mpira, babu na redio yake kibarazani siku ya dabi, mama na binti wamevaa rangi tofauti hawasemeshani, kijana anatoka uwanjani hana sauti. Bila jina la klabu, bila nembo, bila sura ya mchezaji. Akikubali umepata kitu chako cha kuuza miaka, akikataa umebaki na jina lako.

Na hiyo sheria inakulinda na wewe pia. Mchoro ukishauchora haki ni yako bila kusubiri kusajiliwa, ingawa Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, inapokea usajili wa kazi na mimi ningekushauri upeleke, siku ya ugomvi unakuwa na karatasi. Hifadhi na michoro ya mwanzo yenye tarehe, usifute. Mtu kuchora kunguru wake kwa mtindo unaofanana na wako hutaweza kumzuia, ila akichukua kunguru wako yule yule huyo ameiba.

Nimeacha nyumbani mwisho kwa sababu hapo panataka utulivu. Shemeji ana haki kuhusu wembe. Hilo usilijadili, leo hii tafuta boksi la chuma lenye kufuli, hata la biskuti lenye kufunika vizuri likae juu ya kabati, kila wembe ukitoka unarudi humo, na wembe zilizotumika zifunge kwa selotepu kabla hujatupa. Vile vipande vinavyobaki vya stika navyo mtoto wa miaka mitatu anaviweka mdomoni, fagia kabla hujainuka. Meza ya chakula iwe huru jioni, fanya kazi asubuhi wakiwa kazini, na siku ukiuza vizuri nunua hata umeme wa elfu tano uweke bila kutangaza.

Dada yako usimchukie. Anaona wembe na karatasi, hajawahi kuonyeshwa daftari la hesabu kwa sababu hujawa nalo. Anza kuandika leo kila shiti, kila shilingi iliyoingia na iliyotoka, hela ya stika ikae kwenye laini yake isichanganyike na ya vocha. Miezi mitatu ikiisha kaa naye umuonyeshe. Na ukitaka umkumbushe kitu mwambie mji huu huu, mwishoni mwa miaka ya 1960, Edward Saidi Tingatinga alikuwa anachora wanyama kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, picha zinauzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores kule Oysterbay, na leo chama cha ushirika cha wachoraji wanaofuata mtindo wake kiko pale pale. Wala sikwambii uache kutafuta kazi, tafuta, peleka barua zako, kazi ya mshahara itakulipia vinaili na kuchora kutaendelea jioni, hivi vitu viwili havigombani. Ukikua ukaanza kuuza kwa maduka nenda TRA uchukue TIN, ile namba ya mlipakodi, hailipiwi, na jina la biashara lisajili BRELA, wale wanaosajili biashara, kabla mwingine hajaliona.

Anayenisumbua moyoni ni yule mama wa Posta, amekuuliza kistaarabu na umemnyamazia. Mtumie ujumbe leo, usijieleze sana: "Shikamoo mama, samahani kwa kuchelewa kukujibu. Stika zile zilitoka kwenye karatasi isiyofaa chupa. Nakutengenezea 30 nyingine za plastiki bila malipo, nikishazijaribu kwenye maji nitakuletea mwenyewe ofisini." Halafu kweli zijaribu, na siku ya kupeleka chukua kitambaa na spiriti kidogo uwafutie chupa zile mwenyewe, zikauke, ubandike ukikandamiza kutoka katikati kwenda pembeni, uwaambie wasizioshe mpaka kesho yake na wasisugue kwa stili waya. Ofisi nzima itakuwa inakuangalia ukifanya kazi, kwahiyo beba na pakiti chache za kuuza, kwa bei mpya.